Chaîne mupya ya Wasingya

Siku ya kwanza, 15 septemba

Bénie njo atafungua moteur ya Wasingya, peke yake. Patron Melchior alisema vile leo asubui mbele ya bafundi yake bote, na mimi nilikuwa pale, nimesimama na thermos ya chai, nikasikia na masikio yangu.

Sasa njo nisalimie. Jambo kwako, wewe utasoma hii kaye yangu ya kuandikia siku moja, mujukuu yangu ao mujukuu ya mujukuu. Ni mimi Godelive, Mama Julienne, wa hapa Butembo, ile nyumba ya bati nyekundu chini ya mutelemuko. Masomo niliishia mwaka ya tano ku Masista ya Lubero, mais mwandiko yangu, balikuwa banaipitisha mu classe zingine ili bengine baone. Masista wa foyer, kule bamama tunajifunza, banatuambia kila mama aandike kidogo, ili herufi zisimutoroke. Mwaka muzima niliandika viazi na maharagi. Leo niko na kitu ya kuandika.

Wasingya ni minibus ya marehemu, Baba Julienne. Hiyo jina aliiandika yeye mwenyewe juu ya kioo ya mbele, kwa Kinande, kushukuru Mungu. Ilikula njia ya Butembo na Beni miaka mingi, njo ililisha batoto yangu na kubasomesha bote. Kisha kifo yake, mudogo yake Jéthro njo anaiendesha. Tangu mwezi ya sita ilianza kulia mu moteur, sawa mawe mu sufuria, na ku mupando inakosa nguvu. Ni chaîne ya ndani ilizeeka, ikavutika, ikalegea. Jéthro anasema moteur ilikufa, tuuzishe gari kwa mutu mumoja wa Lubero anakata magari vipande-vipande. Mu kikao ya familia tulikata hivi: tungoje paka Toussaint, tarehe moja ya novemba. Ikikataa kuwaka, yule wa Lubero aikate.

Bénie ni mutoto yangu ya mwisho. Alimaliza section mécanique, musichana peke yake mu classe muzima, na ku diplome wavulana balimuangalia mugongo. Ku garage ya Melchior amefanya miaka mbili, kazi yake kuosha vyuma mu mazuti na kupana bengine clé za kufungulia. Mi nasemaka kila siku, huyu Melchior ni mutu ya wivu. Leo akasema:

« Bénie, hii ni gari ya baba yako. Mi siiguse. Ikiwaka na ikapanda mulima, utakuwa fundi hapa kwangu, na moteur zako mwenyewe. Ikikosa, utarudia kuosha vyuma, na usinililie. »

Bénie akajibu: « Sawa, patron. » Basi. Huyu mutoto haiko mutu ya maneno. Maneno yote ya familia nilibeba mimi.

Siku ya pili, 16 septemba

Mvua toka asubui. Magoti inaniuma. Hakuna kitu.

Siku ya ine, 18 septemba

Wasingya iko hapa mu parcelle, kiwanja yetu, pua yake inaangalia ukuta wa jikoni, vile Jéthro aliiacha ilipokataa kutembea. Bénie alifunga bâche, turubai ya mvua, juu yake, akalala chini mu baridi, akaanza kufungua. Mi nilikuwa nachambua maharagi karibu. Nikamuuliza hiyo chaîne inafanya nini, juu kama batu bananiuliza ku kisima, siwezi kusema sijui.

« Mama, unajua kutwanga majani ya sombe batu babili mu kinu moja? »

« Unaniuliza mimi? Mu avenue yote nani ananipita? »

« Mwenzako akishusha muchi, wewe unapandisha. Mukikosea zamu? »

« Michi itagongana. »

« Basi mu moteur ni vile. Chini kuko pistoni zinapanda na kushuka. Juu kuko milango midogo, supapu, inafunguka na kufunga. Chaîne njo inawapa zamu. Ikiruka hata jino moja, zamu inapotea, hazikutani vizuri. Ikiruka meno mingi, zinagongana kabisa, supapu zinapinda. Njo maana kuko alama: moja ku gurudumu ya chini, moja ku gurudumu ya juu, na zingine ku chaîne yenyewe. Lazima zote zikutane. »

Nilifikisha hayo yote ku kisima mbele ya jua kulala. Hakuna mama mumoja alikuwa anajua. Mama Kahongya, jirani yangu, akasema: « Ah, Mama Julienne, kumbe mutoto anapika sombe mu moteur. Utuitie tukuje na masahani. » Bakacheka. Na mimi nikacheka, mais nilimuambia atakuja, na atakuja bila sahani.

Siku ya kwanza, 22 septemba

Njia ya Beni haikutembea leo. Chaîne mupya inatokea kule. Tunangoja.

Siku ya tatu, 24 septemba

Njia bado. Nilienda ku soko, nikarudi nimelowa paka ndani ya viatu. Toka kule Alimbongo kulichafuka na vita, viazi ya ule upande haishuke tena, na kila mutu analilia maharagi. Nilipashwa kufurahi, juu maharagi njo nauzisha. Nimechoka tu.

Siku ya posho, 27 septemba

Chaîne ilifika. Julienne, mutoto yangu ya kwanza, njo aliitafuta. Yeye anakaa Beni, mu commune ya Ruwenzori, na bwana yake Xavier, mwalimu, serikali ilimutuma kutoka Kananga, mutu muzuri sana, anaongea Lingala hata na kuku. Julienne aliifunga mu kipande ya kikwembe, kitenge yake, sawa mutoto muchanga. Inangaa. Kuko na vipande vichache vyenye rangi, Bénie anasema njo alama zenyewe. Niliibeba nikaipitisha kwa Mama Kahongya aione. Nikaipitisha na kwa Mama Bahati ya kona. Bénie akanifuata akanipokonya: « Mama, vumbi. »

Siku ya ine, 2 oktoba

Leo nitaandika murefu hata mukono uume.

Bénie aliniita: « Mama, kuja uone mbele nifunge. » Nikapiga magoti mu matope, na haya magoti yangu. Akaniwashia torche ya simu. Chini, alama ya gurudumu ndogo, na kipande ya rangi ya chaîne juu yake, sawasawa. Juu, alama ya gurudumu kubwa, na kipande ingine ya rangi, sawasawa. Akanionyesha mara mbili. Mimi sikusoma mécanique, mais macho niko nayo, na mutu aliyechambua maharagi maisha yake yote anaona kitu ikiwa imepinda. Haikupinda.

Akanionyesha tena kitu sawa kidole ya chuma, iko pembeni, inaegemea chaîne ili isilegee. « Hii kidole inapata nguvu mu mafuta ya moteur. Sasa bado ni laini. Moteur ikiwaka, mafuta inapanda, inakaza. »

Melchior alipita, mikono nyuma, akaangalia, akaenda bila kusema kitu. Hata « vizuri » ilimushinda. Wivu.

Magaribi Bénie alifunga kila kitu. Akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akaacha gari mu vitesse ya kwanza, ile gia inashika magurudumu, sawa sisi bote tunafanya hapa ku milima, akafunga mulango, akaenda na ufunguo. Kesho na kesho kutwa Melchior anamuhitaji ku garage.

« Siku ya Mungu kisha misa nitaizunguusha na mukono mara mbili, niangalie, halafu tutawasha, » akasema.

« Ni vizuri, juu Katekista Ananie atakuwa hapa kuibariki. Na korali. »

Akaniangalia. « Mama. Uliita batu? »

« Batu gani. Ni korali tu, na avenue. »

« Ni mara ya kwanza, Mama. Niache niwashe peke yangu kwanza. »

Nikamuambia baba yake angekuwa hai angeita hata askofu, Monseigneur mwenyewe. Akaenda kunawa mikono.

Siku ya posho, 4 oktoba

Mabesi ya korali, wale wanaume ya sauti nzito, balikuja kunisaidia, balivuta Wasingya nyuma paka ku mulango wa parcelle ili batu ya kesho baione vizuri, juu pale ku ukuta ilisimama mu maji. Ilikuwa nzito, ikakataa, kisha ikakubali kwa kuruka-ruka. Nilibapikia chai na mikate.

Siku ya Mungu, 5 oktoba

Naandika juu nikilala nitalia, na nikilia magoti itauma zaidi, sijui kwa nini, mais njo iko vile.

Batu balijaa. Katekista Ananie alivaa ile kanzu nyeupe. Korali ilisimama ku barabara. Jéthro alikuja na shati ya misa. Hata Melchior alikuja, akasimama mbali ku ukuta ya jirani. Mvua ilianza kudondoka kidogo-kidogo.

Kazi ya garage ilimushika Bénie usiku muzima, akapitia kule moja kwa moja ku misa; aliporudi, akakuta Wasingya iko ku mulango. Akaizunguka mara moja. Akanikaribia, akasema chini-chini: « Mama, nataka kwanza niizunguushe na mukono. Itaniomba saa moja. »

« Batu bananyeshewa, mutoto yangu. Uliangalia ile siku, na mi niliona. Washa. »

Alipanguza mikono. Halafu akaenda kuwasha, juu mimi ni mama yake na batu bote balikuwa banaangalia.

Ananie akaomba. Anaombaka murefu. Akanyunyiza maji mbele na ku magurudumu. Bénie akaingia, akazunguusha ufunguo. Moteur ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikawaka, na mi nikainua mikono, mais hapo hapo ikaanza kutetemeka sawa mbuzi yenye banavuta na kamba, ikapasua kelele nyuma sawa bunduki, batoto bakaanguka chini, moshi nyeusi ikaingia mu korali. Ikazimika. Hapa kwetu kelele ya vile hakuna mutu anaicheka kwanza. Bamama babili balishakimbia paka ku kisima.

Akajaribu tena. Ilikuwa mbaya kupita. Yeye mwenyewe akazima, akashuka, akafunga mulango pole-pole, sawa kuko mutoto analala ndani.

Jéthro akasema: « Nilibaambia. »

Mama Kahongya hakusema kitu. Hiyo njo iliniuma. Angecheka, ningemujibu.

Melchior akakuja, akainama, akasikiliza vile Bénie alizunguusha kidogo. Akasema: « Ni alama. Iliruka jino, pengine mbili. Nani aliweka chaîne? »

« Ni mimi, patron. »

« Uliangalia? »

« Niliangalia. »

« Mbele ya kuwasha, uliizunguusha na mukono? »

Bénie hakuniangalia hata kidogo. « Hapana, patron. »

Melchior akatingisha kichwa, akaenda. Batu bakaenda. Nilibaki na sufuria mbili kubwa ya bugali na makayabo, samaki ya chumvi, yenye hakuna mutu alikula.

Siku ya pili, 7 oktoba

Mvua. Bénie halali, hakule.

Siku ya tatu, 8 oktoba

Bénie alienda Beni kwa Julienne. Anasema atauzisha bikwembe ku soko na dada yake. Combinaison, nguo yake ya kazi, aliitundika ku musumari nyuma ya mulango. Nilimuuliza: « Na garage? » Akasema: « Mama, mutu anaangalia alama na macho yake, anaona ziko sawa, kumbe haziko sawa. Huyo mutu asiguse moteur ya batu. »

Nilimufungia maharagi ya njia.

Siku ya tano, 10 oktoba

Mvua. Batoto ya avenue banaiga ile kelele ya moteur nikipita.

Siku ya kwanza, 13 oktoba

Jéthro alikuja kuniambia mutu wa Lubero atafika siku ya posho tarehe makumi mbili na tano kuangalia gari. Nilimutukana. Nilimuambia anataka kula jasho ya kaka yake. Aliniacha nimalize. Halafu akakaa ku mulango ya Wasingya, miguu inje, akasema:

« Shemegi, mi nimeisukuma hii gari ku mupando na batu ndani, mvua inanyesha, nikiomba usiku usinipate mu njia ile. Unajua ile njia. Niko na batoto. Nimechoka. »

Nikamuletea chai. Miaka hii yote nilifikiri Jéthro anapenda kuuzisha. Kumbe anataka kulala tu. Sisi babili tukakunywa pale sawa bazee, na hatujakuwa bazee sana.

Siku ya tano, 17 oktoba

Hakuna kitu. Sombe ilichoma. Yangu haichomaka.

Siku ya pili, 21 oktoba

Niko Beni. Nilitoka jana asubui, tukafika mu magaribi, sababu ya barrière za njia na matope. Hapa kuko joto, na nguo zangu za Butembo zinanifunga shingo. Xavier alinipokea na heshima yote, akanipa kiti yake. Julienne alinona. Nyumba yao ni ya ciment chini na juu, naandika hiyo ili ijulikane.

Bénie alikonda. Leo nilimufuata ku soko. Anakunja bikwembe vizuri, pembe juu ya pembe, mais anakunja sawa mutu anafunga maiti. Mama mumoja akamuuliza bei, yeye alikuwa anasikiliza minibus inapita. « Hiyo bougie moja haiwashe moto mu moteur, » akasema. Yule mama akaenda.

Tuliporudi, tukakaa nyuma ya nyumba kutoa maharagi mu maganda. Nikamuambia niliona zile alama mimi pia, na macho yangu.

« Basi tulikosea sisi babili, Mama. Chaîne hairuke yenyewe usiku sawa panya. Ingeruka tu kama moteur ingezunguushwa kinyuma, mbele mafuta ifike ku ile kidole. Na nani ataizunguusha kinyuma? Mulango ulifungwa, ufunguo nilikuwa nao. »

« Kinyuma ni namna gani? »

« Sawa gari ikiwa mu vitesse ya kwanza na batu baisukume nyuma. Magurudumu inalazimisha moteur kurudi kinyuma. Chaîne inalegea upande ya kidole, inaruka. »

Mvua ikaanguka juu ya bati na nguvu, hakuna mutu angesikia mwenzake. Nilishukuru ile mvua. Nikaendelea kutoa maharagi. Nilikuwa natupa maharagi na kubakisha maganda.

Siku ya tatu, 22 oktoba

Nilimuambia leo. Nilitaka kungoja paka nikuwe peke yangu naye, mais kila mara kulikuwa Xavier, ao Julienne, ao batoto. Donc nilisema mbele yao bote, tukiwa ku meza, nikishika kijiko.

« Bénie. Ile siku ya posho. Mabesi ya korali balivuta Wasingya nyuma paka ku mulango. Ni mimi nilibaita. »

Akaweka chini bugali yake. « Balitoa jiwe? »

« Balitoa. »

« Na vitesse? »

« Ufunguo ulikuwa na wewe, mutoto yangu. Hakuna mutu aliingia. »

« Na ikakubali kutembea? »

« Ilikataa. Halafu ikakubali. Iliruka-ruka. »

Nilingoja anikasirikie. Nilikuwa nilishatayarisha mugongo yangu. Bénie aliangalia ukuta, halafu akaweka kichwa juu ya meza, mabega yake ikaanza kutingizika, na nilipoinuka nikamushike nikaona anacheka. Anacheka na machozi inatoka.

« Niliikuta ku mulango, » akasema. « Nikaizunguka. Nikafikiri, bamevuta, basi bameweka point mort, bametoa vitesse. Sikujiuliza mulango balifungua na nini. » Halafu akajipanguza machozi. « Na mimi mwenyewe njo niliiacha mu vitesse. Bila hata kufikiri. »

« Butembo nani anaacha gari bila vitesse? » nikamuambia. « Ingekuwa chini mu muto Kimemi. »

Xavier, yeye wa Kananga, kwao hakuna milima, akauliza: « Mais kwa nini hamutengenezi frein à main, ile ya mukono, tu? »

Tukamuangalia sisi bote batatu. Julienne akamuongezea mboga.

Siku ya posho, 25 oktoba

Tulifika Butembo jana. Leo asubui mutu wa Lubero akafika na kipimo na kijana wa kuandika. Tukakuta Melchior alishafika mbele yake, anakaa juu ya jiwe ya Wasingya, lile jiwe lenyewe, anakunywa chai yake mwenyewe mu thermos yake mwenyewe.

« Hii gari haiguswe, » alikuwa anamuambia yule mutu. « Ina fundi. Fundi alisafiri. Toussaint haijafika bado. »

Jéthro alisimama pembeni, hakukatala.

Nikajua kumbe Melchior alikuwa anapita kila siku kuangalia kama bâche inashika vizuri. Jéthro njo aliniambia. Mi nilikuwa naona bâche inakazwa, nikafikiri ni upepo unaacha kufanya kazi.

Nikamuambia Melchior habari ya mabesi, yote, mbele ya mutu wa Lubero na kijana yake. Ilikuwa nguvu kusema, sababu huyu mutu nilimuita wivu ku kisima mara nyingi, na kisima inapeleka maneno. Hakucheka. Akasema: « Mama Julienne, mu hii muji gari bila vitesse, hata mwizi ataiwekea. » Halafu akamugeukia Bénie, na sauti yake ikakuwa ile ya siku zote:

« Bakisukuma ao basisukume, mukono iko mbele ya ufunguo. Siku zote. Hata Papa wa Roma angekuwa ananyeshewa pale inje. »

« Ndiyo, patron. »

« Kama supapu zilipinda, sina kitu ya kukusaidia. Fungua. »

Siku ya tatu, 29 oktoba

Alifungua. Alama ya chini iliachana na rangi yake meno mbili. Bénie alikaa chini akaiangalia murefu, sawa mutu anaangalia barua ya kumusafisha.

Kisha akarudisha chaîne ku alama, akajaza mafuta ile kidole mbele ya kuirudisha. Sasa ilibaki kujua kama supapu ziko nzima. Alitoa bougies zote ine, zile zinawashaka moto ndani. « Mama, weka kidole yako hapa mu tundu. » Akazunguusha moteur na clé kubwa, pole-pole, upande unaostahili. Pumzi ikasukuma kidole yangu, na nguvu. Tundu ya pili, pumzi. Ya tatu, nikangoja, nikangoja, nikafikiri ni hapa, ni hapa njo tulipoua gari ya bwana yangu.

« Ngoja, Mama. Kila mutu na zamu yake. »

Ikapumua. Na ya ine.

Mikono yangu inanuka mafuta paka sasa. Sikuosha.

Siku ya tano, 31 oktoba

Sikuita mutu. Ni vigumu kuandika hiyo, na ilikuwa vigumu kupita kuifanya. Mama Kahongya alipita asubui akauliza: « Leo kuko nini, mbona umefunga mulango wa parcelle? » Nikamuambia naosha. Ulimi yangu ilivimba ndani ya kinywa.

Tulikuwa paka sisi, Bénie, mimi, Jéthro, na Melchior ku ukuta, mikono nyuma. Mvua ilikuwa inanyesha. Bénie akaizunguusha na mukono mara moja. Akaangalia. Akaizunguusha mara ya pili. Akaangalia. Akaniita na mimi niangalie. Sikumuambia aharakishe. Ningekuwa na saa ningeifungia mu sanduku.

Akaweka point mort. Akazunguusha ufunguo.

Kwanza sikujua kama iliwaka. Nilikuwa nangoja kelele. Jéthro njo alivua kofia yake. Ilikuwa inaimba chini-chini tu, sawa vile ilikuwa inaimba Baba Julienne akirudi kutoka Beni, nikiisikia mbele ifike ku kona, na nikiweka maji ku moto.

Jéthro akaipeleka ku mupando wa cathédrale na akarudi. Akashuka, akanipa mukono sawa siku ya ndoa. « Shemegi, inapanda. »

Melchior akasema: « Siku ya kwanza, saa moja na nusu. Kuko moteur ya camionnette inakungoja. Combinaison hiyo uifue. » Akaenda. Na mimi nikajua ile njo « vizuri » yake, haina ingine.

Siku ya pili, 4 novemba

Bénie alienda kazi jana na leo. Hakuniambia kitu. Nilisikia ku kisima kama alifungua camionnette muzima. Magoti bado inauma. Mvua haiishe. Wasingya iko ku njia, Jéthro alirudi jana kukiwa bado na jua.

Leo akila, Bénie akasema bila kuinua kichwa: « Mama, sasa unaweza kuita batu. »

« Batu gani, » nikasema.

« Wale wale. »

Donc, nilishapita. Katekista Ananie anajua. Mama Kahongya anajua, na nilimuambia akuje na sahani, juu nitapika bugali na makayabo sufuria tatu. Mama Bahati anajua. Mutu wa Lubero akitaka akuje pia, atakula. Ni siku ya Mungu, tarehe tisa, kisha misa ya kwanza, hapa kwangu, mvua inyeshe ao isinyeshe. Korali yote ikuje, na mabesi njo basikose, mais bakuje mikono mu mifuko.